Siku Niliyomfagia Baba Yako

Mwanangu Rukia,

Salamu sikuandikii. Tumeamkiana asubuhi, ukanipa shikamoo yako na kitumbua mdomoni, nami nikaitikia marahaba huku nikiona wazi kuwa fikra zako zimekwisha kupanda basi la Muheza. Sasa umetoka na bibi yako kuwaaga jamaa, na kwa jinsi mama yangu anavyopenda kuketishwa na kukirimiwa, najua hamrudi kabla ya magharibi. Nimebaki na nyumba, na paka, na kalamu yako uliyoisahau mezani. Basi nimeiiba.

Naandika kwa herufi za Kiarabu, za chuoni kwa mwalimu wa Kurani, maana hizo ndizo nilizotiwa kichwani kwa fimbo. Mwandiko wangu ni kama sisimizi waliomwagiwa maji, lakini wewe ni mwalimu sasa, na mwalimu hashindwi na sisimizi. Tena ninayo sababu nyingine. Baba yako ni mtu wa skuli. Fatiha anaisoma kwa moyo, lakini ukimwandikia hizi haoni ila mikia na nukta. Kwa hiyo humu ndani naweza kumsema nitakavyo, hata ukiisahau barua hii mezani kwake kama ulivyoisahau kalamu.

Habari za kuvaa sweta na kuchemsha maji na kutopita msituni peke yako naziruka. Bibi yako amekwisha kukuhubiria zote, na za majini akaongeza. Mimi nina neno moja tu. Limenikaa kooni kama mwiba wa samaki tangu ilipokuja habari kwamba umepangiwa kufundisha huko huko Amani, milimani, karibu na kitalu cha miche anachofanya kazi baba yako, na kwamba mtakaa nyumba moja, wewe na yeye.

Nina wivu.

Cheka kwanza, kisha uendelee.

Kila anayepita barazani ananipa mkono. "Hongera, mama Rukia! Mtoto anakwenda kwa baba yake, huna hata la kuhofia." Nasema alhamdulillahi, nacheka mpaka jino la nyuma linaonekana. Nikifunga mlango nanuna mpaka paka ananikimbia. Na wewe wiki nzima unakunja nguo huku unaimba! Hata siku ya Idi sijakusikia ukiimba hivyo, tena Idi ambayo mimi ndiye niliyekushonea gauni.

Lakini wivu huu si mpya. Nimekuwa nao tangu hujaota meno ya pili.

Ulipopata fahamu, baba yako alikuwa keshazoea maisha yale: mwezi mzima milimani, kisha siku chache hapa Ngamiani, ananukia iliki na moshi wa kuni mbichi, kisha huyo, kaondoka tena. Shangazi zangu walinionya mapema. Walisema mwanamume mwenye kazi mlimani ana mke mlimani, jiandae. Nami nikajiandaa. Nilikuwa na matusi ya akiba, ya mafumbo, mazuri kweli kweli, na kanga nilinunua yenye jina kali la kumvalia huyo mwanamke siku atakapojitokeza. Vita vilikuwa ndiyo kwanza vimekwisha na nguo zilikuwa haba, watu wanavaa viraka, mimi nina kanga mpya sandukuni inamngoja mke mwenza.

Mke mwenza hakuja. Ukatokea wewe.

Hukumbuki ulivyokuwa. Ulilala na kikoi chake kikuukuu, hukubali kifuliwe. Kigoda chake hakikaliwi; akija mgeni akakikalia, unamsimamia mbele mpaka aone haya. "Hapo pa baba." Nikikupa tonge, unauliza kama baba naye amekula. Nikikusuka nywele, unauliza kama baba atakujua ukiwa umesukwa hivi. Mimi nilikuwa kama mhudumu wa hoteli ambayo mwenyewe amesafiri.

Na kubwa kuliko yote ni lile la ufagio.

Bibi yako ndiye aliyekufundisha, Mungu amsamehe. Alikwambia kuwa msafiri akitoka, nyumba haifagiwi nyuma yake mpaka ijulikane amefika, ama sivyo utakuwa umefagia na marejeo yake. Desturi hiyo twaijua sote. Lakini sisi watu wazima tunauacha ufagio mpaka adhuhuri, tunakadiria mtu keshafika Muheza, kisha tunafagia na dhamiri safi. Wewe uliishika kama ilivyosemwa. Amefika? Nani kamwona? Ukawa unangoja mpaka dereva wa lori la mbao ashuke kutoka milimani aseme amemwona kitaluni kwa macho yake. Hapo ndipo ulipoiruhusu nyumba ifagiwe.

Siku zile nilikuwa namwaga mchanga wa pwani ukumbini kuzuia vumbi. Baba yako alipotoka alfajiri aliacha nyayo zake humo. Wewe ukachukua kawa langu la kufunikia chakula, ukaufunika unyayo mmoja, ule wa karibu na mlango. Wali wangu ukabaki wazi, nzi wakafanya karamu.

"Rukia, nipe kawa langu!"

"Funika na sahani, mama. Baba hafunikiki na sahani."

Nikawa naruka kawa langu mwenyewe kila nipitapo na ndoo ya maji. Na kila nilipoliruka nilijiuliza: nami nikienda bombani, nani anaufunika wangu?

Masika yalipoanza ukashikwa na homa. Si homa ya kuchezea. Nilikubeba mgongoni mpaka zahanati, mvua inanipiga usoni, nikakurudisha, nikakukanda kwa maji, nikakaa nawe mapajani nikikusomea kila nilichokijua na nisichokijua vizuri. Ilipokuachia asubuhi moja, ukafumbua macho, mimi bado nimekukumbatia. Neno lako la kwanza lilikuwa hili:

"Baba amekwenda wapi? Alikuwa amenibeba."

Nikakwambia, "Ni mimi niliyekubeba, mama."

Ukanitazama kwa huruma, kama mtu anavyomtazama mwongo asiyejua kudanganya. "La. Alikuwa baba. Mgongo ulikuwa mpana."

Mgongo mpana! Ni kweli mgongo wangu ni ubao wa kuanikia nguo, sibishi. Lakini ndio uliokufikisha zahanati. Nikakulaza, nikakufunika vizuri, nikatoka ukumbini. Nikaliondoa kawa, nikashika ufagio. Nilifagia tangu ndani mpaka nje kama nyumba ya mtu aliyehama. Mchanga wote nikauzoa, na ule unyayo ndani yake, nikautupa jaani nyuma ya ua. Kawa nikaliosha. Mchana nikafunika wali wangu, nikakaa kuutazama kama mtu aliyeshinda kesi.

Mwisho wa mwezi baba yako hakuja.

Mvua zilikuwa kubwa. Lori la mbao nalo halikushuka, na habari hazikushuka. Ulipopata nguvu za kusimama ukauona ukumbi, ukaniuliza mara moja tu.

"Ulifagia?"

"Nilifagia."

Basi. Hukulia, na afadhali ungelia. Ulikwenda kwa Bi Mwanakombo, jirani yetu wa ukuta mmoja, ukamwambia, "Mama kamfagia baba." Kufika alasiri neno lilikuwa limefika bombani kabla yangu. Wanawake walicheka mpaka ndoo zikamwagika. Bi Mwanakombo akasema, "Mama Rukia, wangu nami kanichosha. Niazime ufagio huo, kesho nitakurudishia." Nikacheka nao, tena nikacheka zaidi yao. Kumbe mimi niliyejifanya mjuzi nilikuwa naamini kama wewe. Ukitaka kujua mtu anaamini nini, usimsikilize anachokicheka.

Kisha ikaja habari mbaya. Barabara ya Amani imeporomoka, na kuna lori limekwenda nayo. Nani alikuwamo? Hakuna ajuaye.

Siku ile, baada ya kusali adhuhuri, nilichukua ungo nikaenda jaani. Nikachutama kwenye takataka nikaanza kupepeta mchanga. Kidogo, kichwa cha Bi Mwanakombo kikachomoza juu ya ua.

"Mama Rukia, watafutani jaani na jua hili?"

"Kipini changu kimeanguka."

"Kipini kimo puani mwako, mwenzangu."

"Hiki ni kingine."

Akanitazama. Nikangoja acheke, kwa sababu Bi Mwanakombo si mtu wa kuliacha jambo kama lile lipite. Hakucheka. Alizunguka akaja na ungo wake, akachutama karibu nami, tukapepeta pamoja kipini kisichokuwapo mpaka jua likageuka. Hakuniuliza tena, wala siku ile wala hadi leo. Ukija kumkuta hai likizoni, mpe iliki nyingi.

Nikaurudisha mchanga ule ndani kwa kanga, nikaumwaga ukumbini. Ulikuwa na magamba ya samaki na maganda ya mayai. Unyayo haukuwamo bila shaka, unyayo haupepetwi. Wewe ulikuwa umesimama mlangoni muda wote. Ukaenda ukalichukua kawa, ukazunguka nalo, ukaliweka mahali. "Hapa," ukasema. "Alipita hapa." Jioni ukala tonge mkononi mwangu. Kesho yake ukawatangazia wenzako kuwa mama yako ametubu.

Nikakuacha uamini hivyo.

Alikuja baada ya siku kadhaa, kwa miguu sehemu kubwa ya njia, tope mpaka magotini. Wala hakuwamo kwenye lile lori. Wewe ulimrukia shingoni kabla hajavuka kizingiti. Mimi nilikuwa nyuma yako na mwiko mkononi. Unajua nilimwambia nini mume wangu, niliyekuwa nimekwisha kumlilia kimoyomoyo kama maiti?

Nilimwambia, "Vua viatu. Unachafua ukumbi."

Akatazama chini. "Ukumbi upi, mama Rukia? Huu wenye magamba ya samaki?"

Ukafungua mdomo umweleze. Nikakufinya.

Sasa sikia, mwanangu, maana mfinyo ule nilikuwa na sababu nao. Mchanga ule sikuurudisha kwa ajili yako. Sikutubu wala sikukuonea huruma. Kusema kweli, pale jaani hata hukuwamo katika fikra zangu. Nilikuwa namtaka mume wangu arudi. Nilikuwa na hamu naye kama wewe, na labda kukushinda, kwa kuwa wewe ulikuwa na miaka michache ya kumkumbuka na mimi nilikuwa na mingi. Lakini mtoto akimlilia baba yake mlangoni, watu humpa andazi. Mke akimlilia mumewe mlangoni, watu huuliza nani kamroga. Wewe ulikilalia kikoi chake. Mimi nilikuwa nikikinusa nikijifanya naangalia kama kinahitaji kufuliwa. Hamu yote ya nyumba hii uliichota wewe kwa kata kubwa, hukunibakishia ya kulambia kidole. Na akija, mikono yake yote miwili imejaa wewe.

Huo ndio wivu wangu. Haukuwa wa kukuona unampenda yeye kuliko mimi, ingawa huo nao ulikuwapo, sikudanganyi. Nilikuonea wivu kwa sababu ulikuwa na ruhusa.

Tena tazama tulivyokufanya. Mkubwa, baba yako, alikuwa na haya, na mdogo alikuwa na kiburi. Mdogo ni mimi. Tukakugeuza posta. Ana jambo, anasema, "Rukia, mwambie mama yako chakula kilikuwa kizuri." Nami niko pale pale, naona mpaka punje ya wali iliyomshika ndevuni. "Rukia, mwambie baba yako ahsante." Mambo madogo yalipita vizuri. Kisha siku moja, ulikuwa umeanza skuli, akasema huku anafunga mzigo wake, "Rukia, mwambie mama yako huko juu nimepata nyumba. Ina nafasi."

Rukia, nilikuwa nimelingoja neno lile miaka. Lakini nilitaka aniambie mimi, anitazame. Nikajibu kupitia kwako: "Mwambie baba yako mimi si kima wa kukaa msituni." Ukacheka, maana ulikuwa unapenda kima. Yeye hakucheka. Akafunga mzigo, akasema haya, na tangu siku ile hakulirudia.

Kila mwaka nikatafuta sababu mpya ya kumpa haki yule mwanamke aliyejibu vile. Mara baridi. Mara ruba wa kule. Mara nyumba nitamwachia nani. Mara mama yangu mzee, na mama yangu huyo ndiye anayenishinda kutembea, kama unavyoona leo. Nilimtukana mtu kwa neno moja la mzaha, nikalitunza neno hilo kuliko nilivyomtunza yeye.

Sikuandikii haya ili nikufundishe. Unajua tayari kufundisha, umepewa na cheti. Lakini utaolewa siku moja, inshallah, na bibi yako anaomba iwe kesho. Ukiwa na hamu na mtu, mwambie yeye. Usimwambie paka, wala mtoto, wala jaa.

Na kuhusu baba yako, nikuonye kidogo, maana mimi nimeishi naye kwa siku chache chache na wewe unakwenda kuishi naye kweli. Anakoroma. Anakohoa asubuhi kwa makusudi ili watu waamke. Akianza habari za miche yake, huu umeota, ule umekataa, hamalizi; nimewahi kuionea wivu hata hiyo miche. Atakukemea kwa sababu ya sabuni uliyoiacha majini. Utashangaa. Utajiuliza, huyu ndiye yule? Usimwonee. Baba uliyemfunika na kawa alikuwa mbali, na mtu wa mbali hana kosa. Aliye karibu ndiye anayesema funga mlango, nawa mikono, umekwisha kusali? Mimi nilikuwa huyo kwa miaka yote. Sasa zamu ni yake, naye aonje.

Nami kesho, basi likishaondoka, nitakuwa ndiye wa mbali! Nimeifikiria hali hiyo wiki nzima nikinuna, nikaiona tamu. Mtanikumbuka. Mtasema wali wa mama, mchuzi wa mama, mama angefanya hivi. Nitakuwa sina kosa hata moja. Nilikaa kigodani hapa nikajifurahisha nayo kwa muda mzuri tu, mpaka nilipotazama huku na huku nikaona nyumba ilivyo tupu. Kisha nikafikiri kwamba baba yako amekuwa wa mbali muda wote huu, na mimi nikimwonea gere kama mtu anayekula asali peke yake. Sikuwahi kumuuliza ilikuwaje, jioni, baada ya kufunga kitalu.

Bibi yako nimemwambia jana. Ulikuwa sokoni. Nilidhani atalia. Alisema, "Nilikuwa nangoja tu useme. Chumba chako kitapata mpangaji kabla hujafika Muheza." Basi ndivyo nilivyo wa lazima katika nyumba hii.

Kwa hiyo sikia. Utakapofika, atakupokea mzigo, atakuuliza kama njia ilikuwa nzuri, atakuonyesha pa kulala. Kisha, najua, atajikuna shingo, atauliza kama anauliza bei ya chumvi: "Na mama yako? Amesemaje?"

Mwambie sikukutuma neno.

Akikuuliza tena, na atauliza tena, mwambie hivi: amesema analo, lakini kwa mtu halipitishi. Masika yakipita, barabara ikikauka, anapanda nalo mwenyewe.

Nawasikia mnakuja, bibi yako anacheka njia nzima.

Mama yako